Tua Mzigo: Chaja, Neno la Muuzaji na Kisichoonekana

Richard Burton, aliyepita njia ya misafara pamoja na John Speke mwaka 1857, alieleza kwamba jina la Tura ni amri: weka mzigo chini. Kwa mtu aliyetoka pwani, Tura ndiyo iliyokuwa mlango wa Unyamwezi. Nyuma yake kulikuwa na Mgunda Mkali, pori kavu linaloutenga Unyamwezi na Ugogo, na wapagazi waliolivuka walifika kila mmoja akiwa na frasila mbili hivi begani, yaani kilo thelathini na kitu. Hapo msafara haukuwa na budi kusimama. Kinyamwezi husema kutula. Kiswahili kimedondosha sauti ya katikati, tukabaki na kutua. Leo Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui na stesheni ya reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912, na wapagazi wa pembe za ndovu wamebaki kwenye vitabu. Lakini kutua mzigo hakujaisha. Popote nchini ulipofika umeme wa gridi, ukutani kuna volti 230, na simu iliyopo mkononi inaanzia volti tano. Kati ya ukuta na simu kuna kidude kinachoenea kiganjani, na kazi yake yote ni kuutua ule mzigo mkubwa taratibu, kwa kipimo, bila kumwangukia mtu. Kidude hicho tunakiita chaja.

Swali la chaja ipi inafaa huonekana ni swali la fundi, na kwa sehemu ni la fundi kweli. Lakini chini yake kuna swali la zamani zaidi, ambalo dini na falsafa zimekuwa zikilizungumza tangu watu waanze kuuziana vitu: mtu afanye nini anapolazimika kununua kitu ambacho uzuri wake hauonekani, na nani anabeba dhamana ya kile kisichoonekana? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba chaja, kabla ya kuwa kifaa, ni kauli. Anayeinunua hanunui plastiki na waya, ananunua neno la mtu. Kwa hiyo kuchagua chaja inayofaa ni kuchagua neno la kuamini, na mzigo wa kulitimiza neno hilo uko kwanza kwa yule anayelisema, si kwa yule anayelisikia.

Tuanze na kilichomo ndani, maana hoja yote imesimama hapo. Ukiipasua chaja ya ukutani utakuta bodi ndogo yenye pande mbili. Upande wa kwanza unapokea umeme wa ukutani na kuunyoosha, nao ukishanyooka unapanda hadi volti zaidi ya 300. Kisha unakatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ndogo, ambayo nyaya zake zimezungushwa kwa mafungu mawili yasiyogusana. Fungu moja ni la ukuta. Fungu la pili ni la simu, maana yake ni la mkono wako, la sikio lako, la mtoto anayecheza gemu huku simu ikiwa kwenye chaji. Kinachoyatenga mafungu hayo ni utando mwembamba wa plastiki, na kwenye bodi yenyewe ni nafasi tupu tu. Viwango vya kimataifa vinataka njia kati ya pande hizo mbili isipungue milimita tano hivi, na kizuizi kizima kiweze kuhimili jaribio la volti 3,000. Milimita tano hazifiki hata urefu wa punje ya mchele. Uhai wa mwenye simu umewekwa kwenye nafasi ndogo namna hiyo, na hakuna mnunuzi anayeweza kuiona.

Sasa mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama hupunguza wapi? Hapunguzi kwenye ganda, kwa sababu ganda linaonekana. Hapunguzi kwenye maandishi, kwa sababu wino ni rahisi. Hupunguza ndani: anaibana ile nafasi, anaondoa fyuzi, anazungusha transfoma bila utando wa kutosha. Na chaja hiyo itafanya kazi. Ukiichomeka, alama ya umeme itaonekana kwenye kioo cha simu, chaji itapanda, na asubuhi utaondoka na asilimia mia kama jirani yako mwenye chaja ya kweli. Tofauti kati ya chaja hizo mbili haipo siku za kawaida. Ipo siku moja tu: siku umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, siku ukuta unapopata unyevu wa masika, siku joto linapozidi. Uzuri wa chaja ni jambo ambalo halikutokea. Ni vigumu kulipia jambo ambalo halikutokea, na ni vigumu zaidi kulisifu.

Hapa methali moja tunayoipenda sana inatuangusha. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa embe, kwa kanga, kwa mkungu wa ndizi na kwa jembe, vitu ambavyo jicho, pua na kidole vinatosha kuvipima. Kwa chaja si kweli. Kizuri hakiwezi kujiuza kama uzuri wake umefungiwa ndani ya ganda lililogundishwa kwa gundi. Mchumi George Akerlof alilionyesha jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na baadaye, mwaka 2001, akashiriki Tuzo ya Nobel. Pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya kitu kizuri kwa kuogopa kuuziwa kibovu. Mwenye kizuri naye huona hana faida, hukiondoa sokoni, na soko hubaki na vibovu. Kwa lugha ya methali, kizuri hujificha na kibaya ndicho kinachojiuza. Ushahidi wa chaja wenyewe upo. Mwaka 2016 nchini Uingereza yalitangazwa matokeo ya kupimwa kwa chaja 400 bandia zenye jina la Apple, zilizonunuliwa kwa mtandao kutoka nchi nane. Zilizofaulu jaribio la msingi la usalama zilikuwa tatu. Nyingine 397 hazikufaulu, na zote zilikuwa zimevaa sura nzuri.

Kabla ya kuendelea, inafaa kuondoa hofu moja ambayo huwapeleka watu mahali pasipo na hatari na kuwaacha na hatari yenyewe. Watu wengi huambiana kwamba chaja yenye wati nyingi itaiunguza simu ndogo, kwamba chaja ya kompyuta ya wati 65 ikichomekwa kwenye simu ya wati kumi itaimwagia umeme kama mafuriko. Sivyo umeme unavyokwenda. Idadi ya ampea iliyoandikwa kwenye chaja ni uwezo wake, haimaanishi kwamba itazisukuma zote. Simu huvuta kiasi inachohitaji, kama mtu anavyoteka kwa kata yake mwenyewe hata kama kisima ni kirefu. Tena kinachoijaza betri kwa hakika kiko ndani ya simu. Kidude cha ukutani ni mleta umeme tu, ingawa ndicho kilichochukua jina. Katika chaja za sasa zenye tundu la USB-C mambo yamekwenda mbali zaidi: chaja na simu huzungumza kabla ya kupeana. Chaja hutangaza kwamba inaweza kutoa volti 5, au 9, au 15, au 20, na ampea ngapi kwa kila moja. Simu huchagua na kuomba. Ndipo chaja hutoa. Zisipoelewana, hubaki kwenye volti tano. Hata kati ya vyuma, kinachotangulia ni neno, na usalama wote unategemea chaja kutoa ilichosema itatoa. Chaja kubwa inayosema kweli haina madhara kwa simu ndogo. Chaja ndogo inayosema uongo ndiyo inayoua. Hatari haitoki kwenye ukubwa wa nguvu, inatoka kwenye uongo wa kauli.

Tukishafika hapo tumeingia kwenye uwanja wa dini, na dini zote mbili kubwa za watu wa Tabora zina la kusema. Katika mapokeo ya Kiislamu kuna kisa mashuhuri, kilichomo katika mkusanyiko wa Imamu Muslim, cha Mtume Muhammad (S.A.W.) kupita sokoni na kukuta lundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu. Alipoingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha. Jibu alilopewa halikukanusha habari ya mvua. Lilimuuliza kwa nini basi ile nafaka mbichi hakuiweka juu, watu waione. Kisha likaja karipio kali juu ya mwenye kudanganya. Tuangalie vizuri kosa lilikuwa nini. Mtu yule hakuilowesha nafaka. Hakusema uongo kwa mdomo. Kosa lake lilikuwa mpangilio: aliacha uso wa lundo useme jambo ambalo tumbo la lundo linalikana. Chaja bandia ni lundo hilohilo, na tofauti yake ni moja tu, nayo inaongeza uzito wa kosa: lundo la nafaka unaweza kuingiza mkono, chaja huwezi. Kadiri mkono wa mnunuzi unavyoshindwa kufika ndani, ndivyo wajibu wa muuzaji wa kukileta cha ndani juu unavyokua.

Upande wa Biblia, watu hukimbilia haraka maonyo juu ya mizani ya udanganyifu, nayo yanahusika. Lakini sheria inayoigusa chaja kwa karibu zaidi iko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, na ni sheria ya ujenzi: anayejenga nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, ili asiingize hatia ya damu nyumbani kwake mtu akianguka. Sheria hiyo inaeleweka upesi Unyamwezi, ambako tembe za zamani zilijengwa kwa paa bapa kama nyumba za Mashariki ya Kati. Ukingo wa dari hauna faida yoyote kwa nyumba. Hauzuii mvua, haupendezi sana, unakula udongo na siku za kazi. Upo kwa ajili ya mtu ambaye bado hajapanda, labda mgeni, labda mtoto, ambaye hatajua kamwe kwamba ukingo ndio uliomwokoa. Na sheria haisubiri aanguke. Hatia inaanza pale mjenzi anapoamua kuuacha. Zile milimita tano ndani ya chaja ni ukingo wa dari. Aliyezibana ili aokoe senti chache amejenga dari tupu na kuwakaribisha watu asiowajua wapande juu yake usiku.

Hapo muuzaji wa rejareja atainua mkono, na pingamizi lake ni zito kuliko yote. Atasema: mimi sikuitengeneza. Niliinunua Tabora mjini ikiwa kwenye boksi lake. Aliyeniuzia aliileta kutoka Kariakoo. Wa Kariakoo alifungasha kontena Guangzhou. Mimi pia sioni ndani. Kwa nini dhambi ya mtu wa mbali iniangukie mimi mwenye meza ya vioo na kebo? Pingamizi hili lina haki yake, na historia ya njia yetu inalielewa. Kwenye misafara ya karne ya 19, mabunda ya nguo na mifuko ya shanga yalifungwa pwani na kufunguliwa Unyanyembe, eneo la Tabora. Burton alifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, siku ya 134 baada ya kuondoka pwani. Mpagazi aliyebeba bunda muda wote huo hakuwa amelifungua. Kama ndani mlikuwa na nguo pungufu, yeye hakuzipunguza. Biashara ya chaja ni msafara uleule uliobadilisha njia, na mwenye banda la simu ni mpagazi wa mwisho.

Lakini kuna tofauti moja kati yake na mpagazi, nayo ndiyo inayoamua. Mpagazi wa zamani hakuapa juu ya kilichomo ndani. Alisema: nimepewa hiki, nimekifikisha hiki. Mwenye banda anasema zaidi. Anaigeuza chaja mkononi, anamwangalia mteja usoni, na kutamka neno moja: orijino. Neno hilo si bei wala si salamu. Ni ushahidi. Ni mtu kusema anajua kitu, na kumtaka mwenzake aweke fedha, simu na nyumba yake juu ya kujua huko. Kama hajui, amekwisha kushuhudia asichokijua, na amri ya kutoshuhudia uongo haimsamehi kwa sababu tu uongo huo kaupokea kwa mwingine. Wanazuoni wa hadithi walilielewa hili kuliko wafanyabiashara wengi. Hawakutosheka na uzuri wa maneno yaliyoletwa. Waliuliza, nani kakusimulia, na yeye kasimuliwa na nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani. Mnyororo wenye pete moja isiyojulikana ulishusha daraja la habari nzima. Kwa kipimo hicho, mwenye banda asiyejua ana njia mbili za heshima. Moja ni kuujua mnyororo wake: anunue kwa mtu mwenye risiti, mwenye duka lisilohama, anayepokea mali mbovu ikirudishwa. Ya pili ni kusema sijui. Hii ni ya bei nafuu, ni chaja ya kawaida, sina uhakika nayo. Maneno hayo hayazuii biashara. Yanaiweka nafaka mbichi juu ya lundo, kisha mnunuzi anaamua macho wazi.

Pingamizi la pili linatoka kwa mnunuzi, nalo ni la umaskini. Mwenye njaa hana miiko. Tuseme chaja ya mashaka inauzwa elfu tatu na ya kuaminika elfu ishirini. Kwa mkulima wa tumbaku anayesubiri malipo ya msimu, mazungumzo juu ya mnyororo wa ushahidi ni anasa. Anataka simu iwake, kwa sababu fedha zake zote zimo ndani ya simu hiyo. Jibu la kwanza ni kwamba hoja hii haimtii hatiani maskini hata kidogo. Inamhamishia hatia aliyeufanya umaskini wake kuwa soko. Anayejua kwamba mteja hana uwezo wa kuchagua, kisha akampa kitu cha kuua, amekosa mara mbili. Jibu la pili ni la kimahesabu, na linawanyima wauzaji wa bei kubwa furaha yao. Chaja inayofaa si lazima iwe chaja yenye nguvu. Mtu anayelaza simu yake kwenye chaji usiku mzima hana haja ya wati 65 wala 33. Volti tano kwa ampea mbili, yaani wati kumi, zinamtosha kabisa ilimradi ni wati kumi za kweli. Kuna udanganyifu pia katika kumuuzia mtu haraka asiyoihitaji kwa bei ya usalama anaouhitaji. Na kwa nyumba yenye simu tatu, chaja moja ya kuaminika inayopokezanwa ni akili kuliko chaja tatu za mashaka zilizopangwa kwenye ekstensheni moja kitandani. Kadiri, ambayo dini zinaisifu katika chakula na mavazi, ipo hata kwenye wati.

Pingamizi la tatu ni la kadari. Ajali haina kinga, husemwa, na siku ikifika imefika. Wangapi wametumia chaja za elfu tatu miaka kumi na wako hai? Sehemu ya pili ya hoja hii inajibiwa na ile siku moja tuliyoitaja: kwamba dari isiyo na ukingo haijamwangusha mtu bado si ushahidi kwamba ina ukingo. Sehemu ya kwanza inajibiwa na mapokeo yaleyale inayodai kuyatetea. Bwana mmoja alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwachie Mungu, akaelekezwa amfunge kisha amtegemee Mungu. Kutegemea kunaanza baada ya kamba, hakuchukui nafasi ya kamba. Aliye na uwezo wa kuchagua akaacha, kisha akayaita matokeo kadari, anamsingizia Mungu kazi ya muuzaji.

Pingamizi la mwisho linasema haya yote ni kazi ya serikali. Tuna Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Tuna Tume ya Ushindani inayokamata bidhaa bandia. Kwa nini mnunuzi na mwenye banda wabebeshwe maadili wakati kuna taasisi? Taasisi zina nafasi yake, na bila viwango vyake hata neno kufaulu halina maana. Lakini linganisha simu na chaja. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia nchini. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake, ile IMEI unayoipata kwa kubonyeza *#06#, na mtandao huiona kila simu inapowashwa. Chaja haina namba ya namna hiyo. Hakuna mnara unaoiona. Ikishavuka bandari na kusambaa mabandani, hakuna kitufe cha kuizima. Hata alama ya ubora iliyochapwa juu yake inaweza kuchapwa na yuleyule aliyechapa jina la uongo. Wakati huohuo uamuzi unazidi kuachiwa mnunuzi: tangu Oktoba 2020 Apple imekuwa ikiuza simu zake mpya bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, na kampuni nyingine zikafuata kwa baadhi ya simu zao. Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika kwa simu tarehe 28 Desemba 2024, umelazimisha tundu moja la USB-C, jambo jema linalopunguza taka na usumbufu, lakini tundu moja kwa wote lina maana kwamba chaja yoyote itaingia kwenye simu yoyote, ya kweli na ya uongo sawasawa. Zamani umbo la pini lilikuwa mlinzi mpumbavu mlangoni. Sasa mlinzi ameondoka, limebaki neno.

Basi mnunuzi anadaiwa nini? Anadaiwa kidogo, lakini kidogo hicho ni chake. Anadaiwa kusoma yale maandishi madogo, kwa sababu uongo mwingi ni mvivu. Aigeuze chaja na kuutafuta mstari wa umeme unaoingia: kwa Tanzania lazima uifikie volti 230, na chaja nyingi huandikwa 100 hadi 240. Atafute mstari wa umeme unaotoka, azidishe volti kwa ampea (zikiwapo jozi kadhaa, achukue yenye jibu kubwa kuliko zote), aone kama jibu linalingana na wati zilizotangazwa kwa maandishi makubwa usoni; tano mara mbili ni kumi, na chaja inayojiita ya wati 33 huku hesabu yake ikitoa kumi imekiri yenyewe. Aangalie kama pini zinaingia kwenye soketi yetu ya matundu matatu bila kulegea wala kulazimishwa. Ikishaanza kazi, aishike: vuguvugu ni kawaida, lakini chaja isiyoshikika kwa joto, inayolia au inayonuka inapaswa kuchomolewa siku hiyohiyo. Vipimo hivi haviioni ile nafasi ya milimita tano. Ni vipimo vya kumjua msemaji, kama hakimu asiyeshuhudia tukio anavyomjua shahidi kwa kulinganisha maneno yake yenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Wati, volti na aina ya tundu ni mambo ya kufaa, na yanajifunzwa kwa dakika tano. Usalama ni jambo la amana, nao hauandikwi kwenye ganda. Aliyetengeneza ana hatia ya ukingo, aliyeagiza ana hatia ya mnyororo, mwenye banda ana hatia ya neno lake, na mnunuzi ana wajibu wa kuuliza. Wewe msomaji, utakapokwenda kununua chaja nyingine, acha kuuliza kama ni orijino. Neno hilo limechoka na kila mtu ana jibu lake tayari. Uliza: ukiniuzia leo na ikaharibika, nikirudi kesho kutwa nitakukuta hapa, na utaipokea? Kisha omba risiti. Atakayeandika jina lake bila kusita, nunua kwake, hata kama ameiongeza bei kidogo.